Kupiga Windows upya, kioo kikaanza kunenepesha watu: kisa cha waya mmoja wa VGA

Simu iliingia saa mbili asubuhi, mama mwenye steshenari, na salamu yenyewe akairuka. "Fundi, hii Windows uliyonipigia juzi inanenepesha wateja wangu." Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Pale kwake Morogoro, jirani na chuo, anapiga picha za paspoti, na tangu juzi kila akifungua picha kwenye kioo cha kompyuta sura inatanuka, mashavu yamejaa, shingo imekuwa ya bondia. Sasa kwa vile ni mtu wa kutafuta njia hakunisubiri, akaanza kuzibana picha kwa upana mpaka sura ikae kawaida kwenye kioo ndio anaprinti. Kwenye karatasi zikatoka sura nyembamba kama za watu walioruhusiwa hospitali jana. Wanafunzi watano walikuwa wamesharudi na picha zao mkononi, mmoja anauliza kama huyu ni yeye au ni mdogo wake.

Nakiandika kisa chote pamoja na sehemu nilizobugi, na nilibugi sana tu, ila jibu nalitoa mapema ili usisome kwa presha: Windows mpya haikuharibu kitu. Ilibandua plasta tu, kidonda kilikuwepo chini yake karibu miaka miwili na hakuna aliyekuwa anakijua.

Mashine yenyewe ni zile deskitopu za mtumba za maofisini, i5 kizazi cha nne, haina kadi ya grafiki ya pembeni, inatumia ile ya Intel iliyomo humo humo kwenye prosesa. Nyuma, kwa ajili ya waya wa kioo, ina tundu moja la VGA (aina ya zamani, ya analogi) na mawili ya DisplayPort (aina mpya, ya dijitali), HDMI haina. Kioo ni inchi 22, saizi yake halisi nukta 1920 kwa 1080. Aliniita kwanza kwa sababu mashine ilikuwa inachoka, diski ya kuzunguka imezeeka, na zile flashi za wanachuo zimeshamwaga virusi vya shortikati kila kona, nikamuuzia SSD, diski mpya isiyozunguka, nikampigia Windows 10 upya juu yake. (Windows 11 kwa prosesa ya kizazi cha nne Microsoft wenyewe hawaikubali rasmi, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hilo nilimwambia mapema, akasema printa yake inakubali hii basi tuendelee na hii.) Diski ya zamani nikamwachia kwenye droo sababu ina kazi za wateja. Siku ile niliondoka mbio, umeme ulikatika nikiwa namalizia, kioo sikukitazama vizuri. Hilo ni kosa langu la kwanza na sina wa kumsingizia.

Nilipofika kitu cha kwanza nilichokifanya ni duara. Nikafungua Paint, nikashika kitufe cha Shift, nikachora duara, nikaazima rula hapo hapo dukani nikaliweka juu ya kioo. Upana sentimita 16, urefu sentimita 12. Yaani sio macho ya mama, kitu kimetanuka kweli, na hesabu yake inajieleza: picha inatoka kwa umbo la 4 kwa 3 halafu kioo cha 16 kwa 9 kinaivuta ijaze pembe zote, kwa hiyo kila kitu kinapata theluthi moja ya upana wa bure. Nikaingia kwenye setingi za kioo, resolusheni, yaani idadi ya nukta, imeandikwa 1024 kwa 768, na ukifungua orodha hakuna kubwa zaidi ya hapo.

Hapa kila fundi anawaza kitu kimoja, draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kadi. Na kwa kesi nyingi ni kweli, ukishapiga Windows upya bila intaneti ile kadi inaendeshwa na kitu kinaitwa "Microsoft Basic Display Adapter", ambayo ni draiva ya kuazima tu, inaweza kuwasha karibu kadi yoyote duniani lakini inaendesha kwa gia ya kwanza. Pale dukani bando lilikuwa limeisha, kwa hiyo Windows haikupata nafasi ya kujitafutia draiva yenyewe. Nikaingia "Device Manager", nikakuta kweli ni ile ya kuazima, nikafungua namba ya kifaa nikasoma PCI\VEN_8086&DEV_0412. Hiyo 8086 ni Intel (ukiona 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD), na 0412 ni HD Graphics 4600. Ukishakuwa na hizo namba mbili huhitaji yale maprogramu ya kutafuta draiva ambayo yanakuletea na matangazo juu, unaenda moja kwa moja kwa mwenye kadi. Nikawasha hotspoti ya simu, nikashusha, nikainstoli, kioo kikazima sekunde mbili kikarudi. Jina la kadi sasa limekaa sawa, Intel HD Graphics 4600.

Resolusheni bado 1024 kwa 768.

Nikaristati. Bado. Nikatoa draiva nikarudisha, bado. Nikaweka ya zamani zaidi kidogo, bado. Nikabonyeza kile kitufe cha Auto kwenye monita, kile kinasogeza tu picha ikae katikati, umbo hakigusi, ila ndio hivyo ukishakwama unabonyeza kila kitu. Mama ananiangalia huku anahudumia mteja wa fotokopi, hasemi neno, na kimya cha mteja anayekudai ni kibaya kuliko matusi.

Ndipo nikapata wazo nililoliona la akili sana: ile diski ya zamani iko kwenye droo, niichomeke, niwashie kutoka humo, nione. Ikanila kama dakika ishirini kwa sababu ilikuwa imepigwa kwa mtindo wa zamani wa biosi na mimi nilishaigeuza mashine kwenda UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, lakini ikawaka. Na ikawaka safi kabisa, 1920 kwa 1080, duara likawa duara. Mashine ile ile, kioo kile kile, waya ule ule. Mama akasema, "Si unaona? Ilikuwa nzima." Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Kichwani nikafunga mjadala: vyuma ni vizima, shida ni hii Windows yangu. Nikarudi kwenye SSD nikapoteza saa nzima na nusu kwenye draiva, na karibu nianze kupiga Windows upya tena kwa mara ya pili. Mkono ulikuwa umeshagusa flashi.

Kilichoniokoa ni flashi nyingine. Natembea na moja yenye Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, ambayo unaiwasha bila kuinstoli, nayo kwa kadi za Intel haihitaji umpe draiva, inakuja nayo ndani. Nikaiwasha. Ubuntu nayo ikaja 1024 kwa 768. Sasa hapo vitu viwili vinapingana usoni kwangu: Windows ya zamani inasema vyuma ni vizima, Ubuntu ambayo haijawahi kukutana na Windows yangu inalalamika vile vile. Nikafungua teminali nikaandika:

cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid | wc -c

Hiyo inahesabu baiti ambazo monita imejitambulisha nazo. Kwa kawaida unapata 128, au 256 kwa vioo vingine. Mimi nilipata 0.

Ngoja nieleze hapa maana ndipo kisa kilipo. Kila monita ya kisasa ina kumbukumbu ndogo ndani yake, na humo kuna kitambulisho chake, EDID. Kipande cha kwanza ni baiti 128, kinaanza daima na 00 halafu FF mara sita halafu 00 tena, kinafuata kifupi cha mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa kioo kwa sentimita, na saizi ambayo kioo kinaipendelea. Baiti ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu, kwamba ukijumlisha zote 128 jibu ligawanyike kwa 256 bila kubaki kitu. Kompyuta ikiwaka inabisha hodi kwenye monita, monita inatoa kitambulisho, kompyuta inasema karibu, saizi yako ni 1920 kwa 1080. Kama hakuna jibu, kompyuta bado inajua kuna mtu mlangoni, maana kwenye VGA inahisi ukinzani wa omu 75 kwenye nyaya za rangi, lakini hamjui ni nani. Na mgeni usiyemjua unamweka barazani, humwingizi chumbani. Baraza la kompyuta ndio hiyo 1024 kwa 768, saizi ambayo karibu kioo chochote kitaikubali.

VGA ilipotoka na IBM mwaka 1987 mazungumzo haya hayakuwepo, yaliletwa mwaka 1994 na watu wa VESA, chama kinachopanga viwango vya vioo, wakayapitisha kwenye pini ambazo tayari zilikuwepo kwenye plagi. Plagi ya VGA ina nafasi 15, mistari mitatu ya tano tano. Pini 1, 2 na 3 ni nyekundu, kijani na bluu. 13 na 14 zinapanga mapigo, kwamba mstari unaanzia wapi na ukurasa unaanzia wapi. Hizo tano pamoja na gandi zao (nyaya za kurudishia umeme) zinatosha kabisa kuleta picha nzuri. Mazungumzo yanapita kwingine, pini 12 na 15. Umeona mtego? Waya unaweza kuwa umekufa kwenye 12 na 15 na picha ikaja vizuri tu, rangi zote zipo, hakuna mchezomchezo, na hakuna mtu atakayeushuku waya maana watu tumezoea kwamba waya mbovu unaleta kioo cheusi au cha pinki.

Nikarudi kwenye diski ya zamani, ile inayosema mimi ni mzima, ila safari hii sikuangalia kadi, niliangalia sehemu ya "Monitors" kwenye "Device Manager". Imeandikwa "Generic Non-PnP Monitor", na PnP ni "Plug and Play", kifaa kinachojitambulisha chenyewe kikichomekwa. Yaani hata yeye hakuwa anaijua hii monita! Kama angekuwa anaijua pangekuwa na "Generic PnP Monitor" au jina la kioo chenyewe. Neno moja tu hilo, Non, na nilikuwa nimelipita mara ya kwanza kwa furaha ya kuona duara limekaa sawa. Nikafungua paneli ya Intel, sehemu ya "Custom Resolutions", na pale ndani mtu alikuwa ameandika kwa mkono 1920, 1080, hezi 60. Hiyo ndio plasta. Setingi kama hiyo inakaa ndani ya Windows, sio kwenye monita wala kwenye kadi, kwa hiyo nilivyoweka SSD mpya nikaiacha kwenye droo pamoja na diski.

Nikamuuliza mama, "Dada, hiki kioo kiliwahi kufanya hivi zamani?" Akafikiri. "Siku tuliyohamisha CPU chini ya kaunta. Waya ulikuwa haufiki, yule kijana aliyekuwa ananitengenezea akaleta mrefu, kioo kikawa kikubwa hivi hivi, akakaa nacho kama nusu saa kikatulia." Nikamuuliza mbona hujaniambia. "Si hujaniuliza, mdogo wangu, wewe ulifika ukaanza na rula." Sikuwa na jibu.

Nikainama chini ya kaunta nikautoa ule waya, mita tano, mwembamba kuliko ulivyotakiwa. Nikautazama mdomoni, nikaona nafasi moja haina pini, moyo ukaruka, kumbe ni ya 9, na hiyo 9 kukosekana ni kawaida, waya kibao nzima hazina. Zingine zote zipo, 12 ipo, 15 ipo, zinang'aa. Kwa hiyo kuhesabu kwa macho hapa hakusaidii, pini inaweza kuwa imesimama pale kama mlinzi aliyelala, nyuma yake hakuna waya. Duka la jirani wana monita, nikaazima waya wao wa mita moja na nusu kwa dakika tano, nikachomeka huku Windows mpya imewaka. Sikugusa kitu kingine chochote. Kioo kikafumba, kikafumbua, na ikoni zikawa ndogo zimejipanga pembeni kama zinavyotakiwa. 1920 kwa 1080 yenyewe bila kuambiwa. Nikachora duara jingine, 14 kwa 14.

Kwa kujiridhisha nikatoa multimita nikaweka kwenye mlio. Waya wa jirani: pini 12 mwanzo hadi 12 mwisho, piii. 15, piii. Ule mrefu: 1, 2, 3, 13, 14 zote zinalia, 12 kimya, 15 kimya. Baadaye nikausoma ubavuni, umechapwa 3+4. Hizo namba kwenye ganda la waya za VGA watu wengi wanazipita: hiyo tatu ni nyaya za rangi zenye ngao, ya pili ni idadi ya nyaya nyingine, na kwenye 3+4 zile za mazungumzo zinaweza zisiwemo kama kwenye huu, mtengenezaji kaokoa shaba. Ukikuta 3+6 au 3+9 nafasi ya kuwemo ni kubwa. Muuzaji ukimwuliza atakwambia VGA ni VGA.

Sasa kuna watakaosema ungerudia tu ile "Custom Resolutions" ukaondoka, dakika mbili. Ni kweli, nilijaribu hata hivyo kwa ule ule waya mrefu ili nione, ikakubali, duara likakaa. Ila maandishi yalikuwa na kivuli chembamba upande wa kulia, mita tano za waya wa bei rahisi kwa analogi ndio zinavyofanya, na kwa mtu anayekata picha za sura kile kivuli kinachosha macho jioni. Halafu draiva ikijisasisha siku moja setingi inaweza kupotea, naitwa tena, tunaanza upya na wanafunzi wengine watano. Simlaumu yule kijana aliyebandika, aliona kazi imekaa akaondoka na hela yake, mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo kwenye maduka ya watu. Ila angeandika hata kikaratasi akakibandika nyuma ya CPU.

Nilimpendekezea pia adapta ya DisplayPort kwenda HDMI, kioo chake kina HDMI, ili tuachane na analogi kabisa. Kama unaenda kununua hii, angalia mwelekeo, hizi adapta za kawaida zinaenda upande mmoja tu, DisplayPort iwe upande wa kompyuta, ukichukua iliyogeuzwa haitawaka na muuzaji hatairudisha. Mama akaniuliza bei, nikamtajia, akasema tuione mwezi ujao. Waya mpya wa VGA, mfupi, uliopimwa kwa mlio hapo hapo dukani kabla ya kulipa, ulitugharimu elfu nane, na CPU ikabidi ipande juu ya kaunta ikae pembeni ya mashine ya lamineti.

Msichanganye kesi hii na ile ya kioo kuwa cheusi kabisa baada ya Windows mpya, hiyo ni nyingine, mara nyingi mtu ana kadi ya pembeni lakini waya kauchomeka kwenye tundu la maza (ubao mkuu wa kompyuta), au monita inaandika kwamba saizi imezidi uwezo na dawa yake ni kuingia "Safe Mode" ukaipunguze. Hii ya kwangu dalili yake ni moja, kadi imeshatambulika kwa jina lake na bado orodha ya saizi ni fupi. Ukifika hapo acha draiva, soma hilo neno kwenye "Monitors", kama lina Non shika waya.

Picha za wale wanafunzi alizirudia bure siku ile ile, na nusu ya gharama ya karatasi nililipa mimi sababu ya ile haraka ya siku ya kwanza. Ule waya wa mita tano nilitaka kuutupa akanikatalia, "Si bado unawaka?" Nikamwambia dada, huu usimpe mtu yeyote auchomeke popote. Wiki mbili baadaye nimepita pale kuchapa fomu, nikaukuta nyuma ya duka umefungwa misumari miwili, ameanikia matambara ya kufutia kaunta.